Lesu Iliyopimwa Kasese Ianze Kuvaliwa Kasese

Mwezi Septemba 2025, jarida la tiba la The New England Journal of Medicine, ambalo madaktari wa mataifa mengi hulitegemea kabla ya kubadili namna wanavyowatibu wagonjwa wao, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika hapa kwetu wilayani Kasese, Uganda. Kilichopimwa hakikuwa sindano mpya wala mashine ya bei kubwa. Kilikuwa lesu, ile ile ambayo mama wa Karusandara, kata yetu ya tambarare, humbebea mwanawe mgongoni anapokwenda kupalilia mahindi, kuteka maji au kuuza nyanya kando ya barabara.

Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Edgar Mugema Mulogo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara pamoja na Dkt. Ross Boyce wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Akina mama 400 wenye watoto wa umri wa miezi sita hivi waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walipewa lesu zilizolowekwa permethrini, dawa ya kuua wadudu inayotumika kwenye vyandarua. Nusu nyingine walipewa lesu zilizolowekwa maji matupu. Kila mama, wa kundi lolote, alipewa chandarua kipya. Lesu zikawa zinalowekwa upya kila baada ya wiki nne, na watoto wakafuatiliwa kwa wiki 24.

Katika kundi la maji matupu, malaria ilipatikana mara 2.14 kwa kila watoto 100 kwa wiki. Katika kundi la lesu zenye dawa, ilipatikana mara 0.73. Nambari hizo ni ndogo machoni, kwa hiyo tuzizidishe kwa wiki 24. Watoto 100 wenye lesu za kawaida, wakilala ndani ya vyandarua vipya, wangeugua mara 51. Watoto 100 wenye lesu zenye dawa wangeugua mara 17 au 18. Ugonjwa umepungua kwa thuluthi mbili, na kupungua huko ni juu ya kinga ambayo chandarua kilikuwa kimekwisha kuitoa.

Ninaamini haya ndiyo matokeo ya utafiti yenye manufaa makubwa kuliko yote yaliyotoka katika wilaya yetu tangu karne hii ianze. Na nina jambo moja la kudai: yasiishie kwenye jarida.

Chandarua kina mpaka wake, na mpaka huo ni saa. Kinamlinda mtoto akiwa amelala. Lakini saa moja jioni huku tambarare, mtoto hajalala. Yuko mgongoni mwa mama anayekoleza moto jikoni, na jiko letu kwa kawaida liko nje au kibandani. Saa mbili yuko mgongoni mama akisubiri boda boda, au akiwa kwenye ibada, au akikaa na majirani matangani. Vijiji vya wavuvi vya Ziwa George navyo havilali mapema. Mbu hawasubiri familia iingie kitandani, na mtoto wa miezi minane hawezi kujipiga mguu wala kusema amewashwa. Utafiti huu ulitazama saa hizo ambazo mpango wa vyandarua haukuzifikia, ukatumia nguo ambayo tayari iko mwilini. Hakuna mama aliyelazimika kujifunza tabia mpya.

Wazo lenyewe lina historia. Katika miaka ya 1990, wakimbizi wa Afghanistan walioishi kambini Pakistan walipewa kwa majaribio shuka na mitandio iliyotiwa permethrini, na malaria ikapungua miongoni mwa watoto wao. Wanajeshi wa nchi kadhaa wamevaa sare zenye dawa hiyo kwa miaka mingi. Kilichokuwa kikisubiriwa ni mtu wa kuuliza kama mtoto wa Afrika aliyebebwa mgongoni angelindwa vivyo hivyo. Swali likaulizwa Kasese, na Kasese ikajibu.

Sasa niombe uvumilivu wa msomaji, kwa sababu hadithi ya lesu ni ya tiba kwa juu tu. Chini yake kuna hesabu, na chini ya hesabu kuna fizikia ya mlima wetu. Shuleni tumezoea kuyapanga masomo haya katika vipindi vitatu vya walimu watatu wasiozungumza. Karusandara ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba ni jambo moja.

Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza, aligundua huko Secunderabad, India, mwezi Agosti 1897, kwamba kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua kwamba Ross mwenyewe alithamini zaidi kazi aliyoifanya baadaye. Baada ya safari yake kisiwani Mauritius mwaka 1907 na 1908, na kisha katika toleo la kitabu chake la mwaka 1911, aliandika milinganyo iliyoonyesha kwamba ili malaria iishe mahali, si lazima mbu wote wafe. Inatosha idadi yao kwa kila mkazi ishuke chini ya kiwango fulani; hapo kila mgonjwa atakuwa anaambukiza chini ya mtu mmoja, na ugonjwa utajimaliza wenyewe. Waliomsikiliza walidhani ni ndoto, maana walijua mbu hawamaliziki. Miaka ya 1950 George Macdonald aliichukua kazi hiyo akaongeza jambo zito: kuliko idadi ya mbu, kinachoamua ni umri wao.

Sababu ni hii. Mbu akimuuma mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mwingine kesho. Kimelea lazima kwanza kikue tumboni mwa mbu, kisha kihamie kwenye tezi za mate. Siku hizo hutegemea joto la hewa. Mtafiti wa Kisovieti, Tatiana Detinova, aliacha kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuitumia: chukua wastani wa joto, toa 16, kisha gawanya 111 kwa kilichobaki. Jibu ni idadi ya siku.

Tuifanye hesabu hiyo kwa Kasese. Tuseme huku tambarare wastani ni digrii 24. Toa 16, inabaki 8. 111 kwa 8 ni siku 14 hivi. Sasa panda mita 600 kuelekea Bugoye au Kyondo. Fizikia inatuambia hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo joto litakuwa digrii 20 hivi. Toa 16, zinabaki 4. 111 kwa 4 ni karibu siku 28. Kupanda kilima kumeongeza muda mara mbili.

Hapo ndipo umri wa mbu unapoingia. Tuseme katika kila mbu 10, 9 hufika kesho. Mbu 100 walioanza pamoja, baada ya siku 14 watakuwa wamebaki 23. Baada ya siku 28 watakuwa wamebaki 5. Ndiyo maana wazee wa milimani walikuwa na haki ya kuogopa kulala tambarare, na ndiyo maana kwa vizazi vingi malaria ilionekana kuwa ugonjwa wa watu wa chini.

Ongeza sasa digrii moja tu kule juu. Badala ya 20, iwe 21. Muda unashuka hadi siku 22, na mbu waliobaki wanakuwa karibu 10. Digrii moja, ambayo mtu hawezi kuihisi kwenye ngozi, imekaribia kuzidisha mara mbili idadi ya mbu wanaoweza kuambukiza. Mifano ya namna hii hurahisisha, maana mbu halisi hufa kwa upepo, kwa ukame, na kwa joto lenyewe likizidi. Lakini inatupa sababu ya kuujali mlima tunaoutazama kila asubuhi.

Mwaka 1906 msafara wa Duke wa Abruzzi, kutoka Italia, ulipopanda mlima huo, Rwenzori, na kuchora ramani, barafu ya kudumu ilienea kwa takriban kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2006 Richard Taylor wa London na wenzake wa Uganda, wakiwemo Callist Tindimugaya wa wizara ya maji na Bob Nakileza wa Makerere, waliandika kwamba kufikia 2003 barafu ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Wanasayansi wengine walibishana nao kuhusu sababu: je, ni joto lililopanda au ni unyevu wa hewa uliopungua? Ubishi huo ni halali, na ndivyo sayansi inavyosafishwa. Lakini hakuna anayebisha kwamba barafu, ambayo Wakonzo waliijua kuwa makao ya mungu wao Kithasamba, inakwisha.

Na maji yanashuka kwa hasira. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika ukapiga Kilembe na mji wa Kasese. Mwezi Mei 2020 mito ilivunja kingo tena, Hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, na maelfu ya watu wakahama makwao. Watafiti wale wale wa Mbarara na North Carolina walikagua madaftari ya kituo cha afya cha Bugoye kabla na baada ya mafuriko ya 2013, wakaona kwamba uwezekano wa mtu kukutwa na malaria uliongezeka kwa takriban asilimia 30. Baada ya mafuriko ya 2020 hawakuishia kuhesabu. Watoto wa umri wa miaka 12 au chini ya hapo katika kijiji kilichoathirika walipewa dawa ya kinga mara moja kwa mwezi, kwa awamu tatu, na maambukizi yakapungua. Kwa hiyo lesu haikuzuka ghafla. Ni hatua ya tatu ya watu waliokaa katika bonde moja kwa miaka zaidi ya kumi, wakiuliza swali moja na kulifuata linakokwenda. Utafiti wa aina hiyo ninauheshimu. Wapo wanaokuja kwa wiki mbili na dodoso, wakaondoka na data, tusiwaone tena.

Sisi wa tambarare tuna sababu yetu ya kusikiliza. Karusandara iko chini, Mto Mubuku unapokaribia Ziwa George. Maji yanayoharibu juu hutuama kwetu. Jirani yetu kuna skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, iliyoanzishwa miaka ya 1960, ambayo imetulisha na kusomesha watoto wengi. Lakini maji ya mfereji, kama maji ya mafuriko, ni mazalio ya mbu. Hatuwezi kuufunga mfereji. Basi tunahitaji kinga inayofuatana na mtoto.

Rudi kwenye hesabu ya Macdonald uone kwa nini hili lina uzito. Ikiwa katika mbu 10, badala ya 9, wanafika kesho 8 tu, basi huku tambarare, baada ya zile siku 14, katika 100 watabaki 4 badala ya 23. Lesu 200 haziwezi kubadili umri wa mbu wa wilaya nzima, wala utafiti haukupima jambo hilo. Ulipima kinga ya mtoto aliyebebwa. Lakini je, kila mama wa kata nzima akiwa na lesu yenye dawa, itakuwaje kwa jirani asiye na mtoto? Hilo ni swali la hesabu kabla ya kuwa swali la tiba, na lingefaa lijibiwe hapa.

Wasiwasi uliopo niuseme wazi. Huu ni utafiti mmoja, katika wilaya moja, kwa miezi isiyofika sita. Vipele vya ngozi vilionekana kwa asilimia 8.5 ya waliovaa lesu zenye dawa, dhidi ya asilimia 6 ya wale wengine; tofauti si kubwa, lakini ngozi ni ya mtoto mchanga na inataka kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi. Mbu wa Afrika Mashariki wamezidi kuwa sugu kwa dawa za jamii ya permethrini. Na kuloweka upya kila wiki nne ni kazi. Inataka mtu, ndoo, dawa na ratiba. Haya yote ni sababu za kupanga vizuri. Si sababu za kukaa.

Kwa maana upande wa pili wa mizani unazidi kuwa mzito. Mwaka 2021 Betty Balikagala na wenzake walithibitisha kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vimelea vilivyoanza kuhimili artemisinini, dawa ambayo matibabu yetu ya malaria yamejengwa juu yake. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, mpango wa taifa wa malaria ulisimamisha kunyunyizia dawa majumbani. Chanjo ya R21 ilizinduliwa nchini Aprili 2025 katika wilaya 105, na ni baraka, lakini dozi zake huanza mtoto akiwa na miezi sita na ya mwisho ni ya miezi 18. Kati ya hapo anahitaji kila kinga inayopatikana. Nchi ambayo dawa zake zinaanza kuchoka na wafadhili wake wanaondoka haiwezi kuiacha kinga iliyopimwa kwenye ardhi yake ikae rafuni.

Bwera, huko mpakani mwa wilaya yetu na Kongo, imetuonyesha kwamba tukitaka tunaweza. Ebola ilipokuwa ikiua Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka, wahudumu wa afya wa mpakani walianza kuchanjwa mwezi Novemba 2018, kabla ya mgonjwa yeyote kuvuka. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alifikishwa Kagando, kisha Bwera. Maabara ya Entebbe ikathibitisha, na akafariki. Chanjo ikatolewa kwa kuwazunguka waliomgusa mgonjwa na waliowagusa hao, mbinu iliyothibitishwa Guinea mwaka 2015. Ugonjwa haukuenea Kasese. Utafiti wa Guinea ulichukua miaka minne tu kufika mpakani Mpondwe, kwa sababu viongozi waliogopa. Malaria inaua watoto wengi zaidi, ila tumeizoea, na mazoea hayo ndiyo yanayonikera.

Kuna jambo la viwanda pia, na mbunge yeyote anayependa kuzungumzia ajira angepaswa kulikamata. Kasese ni wilaya ya pamba. Wakulima wengi wa hapa wamesomesha watoto kwa pamba waliyopeleka ginneri ya ushirika wa Nyakatonzi. Jinja kuna kiwanda cha nguo tangu miaka ya 1950. Arusha, kampuni ya A to Z imekuwa ikitengeneza vyandarua vya Olyset tangu 2003, na dawa iliyochanganywa ndani ya nyuzi zake ni hiyo hiyo permethrini. Kwa hiyo ujuzi wa kutia dawa kwenye nyuzi kwa namna inayodumu uko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lesu ya pamba ya Kasese, iliyofumwa Jinja na kutiwa dawa kwa utaalamu wa Arusha, ingeweza kupunguza ile kazi ya kuloweka kila mwezi na kuacha fedha nyumbani.

Kwa walimu nina ombi tofauti. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada hulipwa na serikali shilingi milioni 4 kwa mwezi, na uamuzi huo uliwaumiza walimu wa masomo mengine kiasi cha kugoma. Taifa limelipa gharama kubwa kwa ajili ya sayansi, basi sayansi ionekane. Mtaala mpya wa sekondari, ulioanza 2020, unamtaka mwanafunzi afanye mradi unaotokana na mazingira yake. Hesabu zote nilizoziandika hapo juu zinahitaji kipima joto, daftari na kikokotoo. Wanafunzi wa Karusandara wapime joto la asubuhi na jioni kwa muhula mmoja, wenzao wa shule ya Bugoye wapime lao, kisha walinganishe siku za kimelea kukua. Watakuwa wamejifunza vipeo, wastani na kushuka kwa joto mlimani kwa jambo linalowafanya wadogo zao waugue, na hakuna atakayeuliza hesabu hii itanisaidia nini.

Watafiti nao waendelee na desturi njema ya kurudi. Mama aliyekubali mwanawe achomwe kidole ana haki ya kuambiwa matokeo kwa Kikonzo, Kisongora, Kitooro au Kiswahili, kwenye mkutano wa baraza la kijiji (LC1), mbele ya wahudumu wa afya wa kijiji, akiwa na nafasi ya kuuliza maswali. Aelezwe kundi lake lilikuwa lipi. Na kama alikuwa kundi la maji matupu, apewe lesu yenye dawa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wizara ya Afya inaweza kuanza na kata zilizo kando ya mito na ziwa, Karusandara ikiwa mojawapo, kwa watoto wa miezi sita hadi kumi na minane, lesu zikigawiwa kliniki siku ya chanjo na kulowekwa upya mama anaporudi. Madaftari ya vituo vya afya yatatuambia ndani ya mwaka mmoja kama tunapata kile walichokipata watafiti. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, na bajeti za wilaya hujadiliwa miezi mingi kabla ya hapo. Mwulize diwani wako, mwenyekiti wa wilaya (LC5) na mbunge wako kama neno lesu limo ndani yake.